Motokaa Inayozimika Ikipata Moto: Kuutambua Ubovu Kabla ya Kununua Vipuri



Gari la zamani kwetu si jambo la fahari, ni mtumishi. Ndilo lichukualo wachumaji na karafuu mbichi kutoka shambani, na ndilo lipelekalo magunia yaliyokauka mauzoni. Katika msimu, gari likilala njiani na karafuu mbichi juu yake, mwenye mali hupata hasara mara mbili: gari lahitaji fundi, na karafuu zilizorundikwa bila ya kuanikwa huvunda na kupoteza rangi. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza ubovu mmoja wa magari ya zamani ambao wawasumbua wenye magari na mafundi pia.

Ubovu wenyewe ni huu. Asubuhi gari lawaka vizuri na laenda vizuri. Likisha kupata moto lazimika, na ukipiga stata injini yazunguka lakini haiwaki. Ukikaa kivulini nusu saa likapoa, lawaka kama kwamba halikuwa na neno. Ukilipeleka kwa fundi, hufika limepoa na laenda vizuri, naye hana la kuona ila kubahatisha. Leo abadilisha pampu, kesho kabureta, kesho kutwa betri. Fedha zaondoka na ubovu wabaki.

Sababu ni moja: ushahidi wa ubovu huu hupoa pamoja na injini. Aliye karibu na ushahidi ni wewe uliye njiani, wala si fundi aliye mjini. Ukijua la kutazama katika dakika kumi za mwanzo, utamrudia fundi na habari ya kweli, naye atakushukuru.

KWA NINI TWAITAJA SINGIDA

Gari litokalo Wete kwenda Chake Chake husafiri kiasi cha kilomita 30, tena kwenye hewa ya bahari. Laweza kuwa na ubovu huu miaka miwili na mwenyewe asijue. Lakini wako wenzetu ambao, msimu ukipita, huvusha magari bara kwenda kutafuta vitunguu, mafuta ya alizeti na asali, na Mkoa wa Singida wasifika kwa vitu hivyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida mjini kwa njia ya Dodoma na Manyoni ni kiasi cha kilomita 700. Huko ndiko gari la kisiwani lijulikanako hali yake.

Kwanza, Singida iko juu. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Mahali pa juu namna hiyo mkandamizo wa hewa ni kama sehemu 85 tu katika 100 za ule wa pwani. Maji ambayo kwetu huchemka kwenye digrii 100, huko huchemka kwenye digrii 95 hivi. Petroli nayo, ambayo hata pwani sehemu zake nyepesi huanza kugeuka mvuke kwenye joto la digrii 35 au 40, huko hugeuka mvuke mapema zaidi. Tena kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani, huko hutoa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, na injini hupungukiwa na nguvu.

Pili, kuna milima. Atokaye Dodoma hupita bonde la Bahi na Kintinku, kisha hupanda Saranda kufika Manyoni. Atokaye Nzega na Igunga hupita tambarare yenye joto ya Wembere, hufika Shelui, na hapo huukabili mlima Sekenke kabla ya kufika Misigiri na Iguguno. Gari lenye mzigo hupanda kwa gia ndogo: injini yafanya kazi nyingi, na upepo wa kuipoza ni mchache. Likisimama baada ya hapo, joto la chuma lapanda juu kwenye kabureta na koili, kwani feni imekwisha kusimama. Ndiyo maana magari mengi huzimika mlimani, au hukataa kuwaka baada ya kusimama kunywa chai.

INJINI YATAKA NINI

Injini ya petroli yataka vitu vitatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na mkandamizo ndani ya silinda. Gari likikataa kuwaka, kimoja katika hivyo kimekosekana. Kazi yetu njiani ni kujua ni kipi.

Kabla hujafungua boneti, kumbuka jinsi gari lilivyozimika, kwani namna ya kuzimika ni nusu ya jawabu.

Likizimika ghafla, kama mtu aliyezima taa, dhania umeme. Likianza kukohoa, kuvuta na kuachia, na kupungua nguvu kidogo kidogo, dhania kuwa petroli haifiki. Likizimika linapokwenda polepole, likatoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli, dhania kuwa petroli imezidi. Likiwa lilikuwa zima ulipolizima mwenyewe, likakataa baada ya robo saa, dhania joto lililopanda kwenye kabureta. Na kama stata yazunguka kwa uvivu au yalia tu bila ya kuzunguka, ubovu uko kwenye stata au nyaya zake, wala usiiguse kabureta.

Tazama pia mshale wa joto. Ukiwa juu kabisa, shughulikia kwanza maji, mkanda wa feni, rejeta na kifuniko chake. Kifuniko cha rejeta kilicholegea chemchemi hakishiki mkandamizo, na katika nchi ya juu maji huchemka upesi. Usifungue rejeta ingali moto. Watu wameungua uso kwa haraka hiyo.

KABLA YA KUPIMA

Litoe gari barabarani kadiri iwezekanavyo, weka mawe nyuma ya magurudumu na alama za tahadhari mbele na nyuma. Ukiondoka, yaondoe mawe hayo. Mlimani usiliachie gari literemke kinyumenyume ili liwake: katika magari mengi injini ikizimika, msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache, nawe hutaweza kulizuia. Asiwepo mvuta sigara karibu. Na kipimo cha cheche kitangulie kipimo cha petroli, kwani cheche na petroli iliyomwagika havikai pamoja.

KIPIMO CHA KWANZA: CHECHE

Chukua plagi nzima ya akiba, itie kwenye waya wa plagi mmoja, iegemeze kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono mtupu. Mwenzio apige stata. Cheche ya buluu, yenye nguvu na mlio, ni njema. Cheche ya manjano iliyo dhaifu, au kutokuwapo cheche, ni dalili kuwa ubovu uko upande wa umeme.

Mwizi wa kwanza ni koili. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Ukipata moto waya hutanuka, na mahali palipokatika huachana. Ukipoa hugusana tena. Zima swichi, weka kitambaa chenye maji juu ya koili kwa dakika chache bila ya kulowesha nyaya zake, kisha pima tena. Cheche ikirudi, umempata mwizi. Lakini ujue kuwa koili nyingine huuawa na mwenye gari. Ziko koili zinazotaka kizuizi cha umeme kwenye waya wake, na ziko zisizokitaka. Fundi akitia inayotaka kizuizi mahali pasipo na kizuizi, koili huungua polepole. Na kuacha swichi imefunguliwa huku injini imezimika kwaweza kuichoma koili kwa dakika chache tu.

Mwizi wa pili ni kondensa, kile kikopo kidogo kilicho kwenye distributa. Kazi yake ni kuzuia moto usirukeruke kwenye pointi. Ikidhoofika kwa joto, cheche ya plagi hufifia, na pointi huungua na kufanya mashimo. Njia nyepesi ya kuijua ni kutia nyingine uliyokwisha kuijaribu na kuona kuwa ni nzima. Si ghali, na kila mwenye gari la pointi yafaa awe nayo ya akiba. Lakini ijaribu nyumbani kwanza, kwani kipuri kipya si lazima kiwe kizima.

Magari yaliyokuja baadaye hayana pointi, bali yana kifaa cha elektroniki cha kukata umeme. Hicho nacho hufa kwa joto na kufufuka kikipoa, khasa kilipofungwa bila ya ile grisi yake nyeupe ya kupitisha joto kwenye chuma. Kipimo cha kitambaa chatumika pia, ila kiwe kimekamuliwa sana.

KIPIMO CHA PILI: PETROLI

Cheche ikiwa njema, geukia petroli. Vua kifuniko cha chujio la hewa, zima swichi, tazama ndani ya koo la kabureta kwa upande, wala usiinamishe uso juu yake. Mwenzio akanyage pedeli ya mafuta mara moja. Katika kabureta nyingi utaona petroli ikichirizika kama uzi. Ikiwepo, bakuli la kabureta lina petroli. Ikikosekana, bakuli ni kavu.

Likiwa kavu, fungua kwanza kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, basi tundu la kupitisha hewa limeziba. Pampu huvuta petroli, hewa haiingii mahali pake, mwisho petroli hukataa kuja. Ukingoja nusu saa hewa hupenya kidogo kidogo na gari huwaka. Hali kadhalika taka zilizo ndani ya tanki: gari likienda huvutwa kwenye mdomo wa bomba, likisimama huanguka chini.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Ubovu huu wa namna mbili wajifanya wa joto lakini si wa joto. Ni wa muda. Kila kinachotokea baada ya nusu saa ya mwendo, watu hukiita joto. Ukitaka kuupambanua, endesha gari usiku wa baridi kwa mwendo uleule. Likizimika baada ya muda uleule, usiitafute koili.

Kama tanki halina neno, gusa pampu kwa tahadhari. Katika magari mengi ya zamani pampu imefungwa ubavuni mwa injini, na bomba lapita karibu na ekzosi. Petroli ikigeuka mvuke humo, pampu hupiga mvuke mtupu, na mvuke hauendi popote. Weka kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba, ngoja dakika tano, ujaribu tena. Usimwage maji ya baridi juu ya injini yenye moto wala ekzosi; chuma chaweza kupasuka.

Petroli ikianza kuja baada ya kupozwa, usikimbilie kununua pampu. Tazama kama kile kipande kinene kisichopitisha joto, kikaacho kati ya pampu na injini, na chenziwe kilicho chini ya kabureta, bado vipo. Mafundi wengi huvitupa wakifungua, na mahali pake huweka gasketi nyembamba ya karatasi. Tazama na bati la kukinga joto la ekzosi, na bomba kama limesogezwa mahali pasipo pake.

PETROLI IKIZIDI

Ikiwa cheche ipo, petroli ipo, tena harufu yake ni kali, huenda imezidi. Gari lenye moto likisimamishwa, petroli iliyo kwenye bakuli huchemka na kumwagikia ndani ya injini. Usivute choki. Kanyaga pedeli hadi chini, uishikilie hapo bila ya kuipampu, upige stata kwa sekunde kumi, uipumzishe, urudie. Hewa nyingi itakausha silinda na gari litawaka kwa moshi. Likifanya hivyo kila mara, boya la kabureta laweza kuwa limekaa juu mno, sindano imelika, au choki haifunguki sawasawa.

KIPIMO CHA TATU: MKANDAMIZO

Wako wasiofikiri jambo hili kabisa. Magari mengi ya zamani yalitengenezwa wakati petroli ilipokuwa na risasi, na ile risasi ilikuwa ikikinga vikalio vya valvu za kutolea moshi. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikwisha kuiacha petroli hiyo ilipofika Januari 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliiacha mwaka 2021. Lilikuwa jambo jema kwa afya za watoto wetu. Lakini injini ya zamani yenye vikalio laini, ikibebeshwa mzigo mzito katika safari ndefu, vikalio hulika, valvu huzama, na nafasi yake huisha. Injini ikipoa valvu yafunga. Ikipata moto shina lake hurefuka, nayo haifungi tena. Mkandamizo watoroka.

Dalili yake ni stata kuzunguka upesi na kwa wepesi usio wa kawaida wakati injini ina moto. Fundi apime mkandamizo wa kila silinda injini ikiwa moto, wala si baridi. Dawa ya kwanza ni kupima nafasi za valvu kwa fila geji kama kitabu cha gari kisemavyo. Zikirudi kukaza baada ya muda mfupi, ndipo vikalio vigumu vitiwe.

STATA INAYOCHOKA

Sisi wa visiwani tuna adui mwingine: chumvi ya bahari. Nyaya nene za betri, na khasa ule unaounganisha injini na bodi, huliwa na kutu chini ya ngozi yake. Stata ikiwa moto hutaka umeme mwingi zaidi, na waya uliolika haupitishi. Taa zikiwaka vizuri lakini stata ni nzito, safisha ncha za nyaya kwa msasa hadi chuma king'ae, kabla ya kulaumu betri.

MFANO

Tuseme pikapu yenye kabureta, imebeba magunia, yatoka Shelui na kupanda Sekenke. Katikati ya mlima yakohoa, yapungua nguvu, yazimika. Mshale wa joto uko katikati. Kuzimika kwa kukohoa kwatuelekeza kwenye petroli, lakini cheche yapimwa kwanza: ni ya buluu. Umeme umetoka katika hesabu. Kabureta yatazamwa: kavu. Kifuniko cha tanki chafunguliwa: hakuna mvuto wa hewa. Pampu haigusiki kwa moto. Yawekewa kitambaa cha maji, na baada ya dakika tano petroli yachirizika na gari lawaka. Mjini Singida fundi afungua pampu na kuona gasketi ya karatasi mahali pa kile kipande kinene. Dawa ni kipande hicho, ambacho hata fundi hodari aweza kukichonga kwa kitu kisichopitisha joto. Mtu asiyepima angalinunua pampu mpya, nayo ingalizimika palepale siku ya pili.

YA KUFANYA NYUMBANI

Kabla ya safari ya bara, safisha tundu la kifuniko cha tanki, badilisha chujio la petroli, tazama mkanda wa feni, mabomba ya maji na kifuniko cha rejeta, pima pointi na valvu. Chukua koili, kondensa, plagi moja, chujio, mkanda, waya, kitambaa, na maji ya kutosha yasiyo ya kunywa pamoja na yale ya kunywa. Usichukue petroli ndani ya dumu la plastiki karibu na abiria.

Na uwe na daftari. Andika kila gari lizimikapo: saa ngapi, baada ya kilomita ngapi, mlimani au tambarare, lilizimika ghafla au kwa kukohoa, cheche ilikuwaje, petroli ilikuwapo, liliwaka baada ya dakika ngapi. Mpe fundi daftari hilo. Naye akitaka kubadilisha kitu, abadilishe kimoja tu, kisha gari liendeshwe hadi lipate moto. Vikibadilishwa vitatu kwa siku moja, hata likipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na ugonjwa ukirudi utaanza upya.

Vitu vya zamani mlivyovitoa msivitupe mpaka ubovu uwe umejulikana, kwani huenda vilikuwa vizima. Mwanachama aliyewahi kupata ubovu wa namna nyingine katika gari lake na kuutambua, twamwomba atuandikie maelezo yake, nasi tutayatoa hapa ili wenzake wafaidike kabla ya msimu ujao.